Ufunuo wa Mungu Ukambani: Kutoka Mwamba wa Nzaui hadi Mulango

Imani ya Kikristo inafundisha kwamba mwanadamu hamfikii Mungu kwa bidii ya akili yake peke yake, bali Mungu mwenyewe ndiye anayejijulisha, na tendo hilo la Mungu kujijulisha kwa viumbe wake ndilo linaloitwa ufunuo. Walimu wa Kanisa wamezoea kuutazama ufunuo huo katika sehemu mbili: ufunuo wa jumla, ambao ni ule unaowafikia watu wote kwa njia ya uumbaji, majira ya mwaka na dhamiri, na ufunuo maalumu, ambao ni ule uliotolewa kwa manabii wa Israeli, ukakamilika katika Yesu Kristo na kuhifadhiwa katika Maandiko Matakatifu. Msingi wa sehemu ya kwanza huchukuliwa katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, ambapo Paulo anasema kuwa mambo ya Mungu yasiyoonekana yanatambulikana kwa kazi zake, na msingi wa sehemu ya pili huchukuliwa katika mwanzo wa Waraka kwa Waebrania, unaoeleza jinsi Mungu aliyesema zamani kwa manabii alivyosema mwishoni kwa Mwana. Mgawanyo huu ulipofika Ukambani, hasa katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kitui na Makueni, haukubaki kuwa somo la darasani, kwa sababu uliwakuta watu waliokuwa na jina la Mungu, mahali pa kumwomba na wazee wa kuongoza maombi hayo, na ukalazimika kujibu kama Mungu aliyeombwa hapo ndiye yule yule aliyehubiriwa na wageni. Jibu lilitolewa kwa vitendo, tena vitendo vilivyopingana, miaka mingi kabla mtu hajalitungia kitabu, na mtu aliyelitungia vitabu vilivyosomwa dunia nzima alizaliwa Mulango, karibu na mji wa Kitui.

Katika dini ya jadi ya Wakamba, Mungu aliitwa Mulungu, jina ambalo kwa sura moja au nyingine linapatikana kwa jamii nyingi za Kibantu tangu pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Aliitwa pia Ngai, jina wanalolitumia vilevile Wamaasai na Wakikuyu, na kwa sifa zake aliitwa Mumbi, yaani Muumba, na Mwatuangi, yaani Mpasuaji, anayekipa kila kitu umbo lake. Mungu huyu alisadikiwa kuwa juu ya vyote, mwema na asiyeonekana, lakini hakusumbuliwa kwa mambo madogo ya kila siku. Shida za nyumbani, kama maradhi ya mtoto au utasa, zilipelekwa kwa aimu, yaani roho za watu waliokufa ambao bado walikumbukwa na ndugu zao, nao walimiminiwa pombe kidogo au kuwekewa chakula kabla wenye nyumba hawajala. Mungu aliombwa na jamii nzima pale jambo lilipokuwa kubwa kuliko nyumba moja, na Ukambani jambo hilo kwa kawaida lilikuwa mvua.

Mahali pa maombi hayo paliitwa ithembo. Mara nyingi palikuwa chini ya mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, na kichaka kilichouzunguka hakikukatwa kuni wala kulishwa mifugo, jambo lililoufanya mti huo na majani yaliyo chini yake kuwa kijani katika nchi iliyokauka pande zote. Wazee wa ithembo, ambao walikuwa wamepita ngazi zote za uzee na kulipa mbuzi walizopaswa kulipa, walikwenda pamoja na wanawake wazee, wakachinja mnyama wa rangi moja, wakaacha sehemu ya nyama, maziwa na nafaka chini ya mti, kisha wakaomba kwa sauti wapewe mvua, afya na uzao wa watu na mifugo. Gerhard Lindblom, mwanaethnografia wa Uswidi aliyeishi Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, aliyaandika mambo haya kwa urefu, na kutokana na maandishi yake na ya wengine inaonekana wazi kwamba katika ibada hiyo roho za wazee na Mungu mwenyewe hawakutenganishwa kwa mstari mkali kama ule uliopendwa na wamisionari. Aliyetajwa kwanza katika dua angeweza kuwa mzee maarufu aliyefariki zamani, na aliyetarajiwa kuteremsha mvua akawa Mulungu.

Juu ya ithembo la kila kijiji palikuwa na simulizi moja la asili lililowaunganisha Wakamba wengi. Katika namna moja ya simulizi hilo, Mulungu aliwateremsha kutoka mawinguni mume na mke wa kwanza pamoja na mifugo yao, wakatua juu ya mwamba wa Nzaui, mlima wenye uso mkali wa jiwe ulio katika Kaunti ya Makueni, na nyayo zao na za wanyama wao zikabaki zimechapwa juu ya jiwe hilo. Namna nyingine husimulia juu ya watu waliotoka shimoni ardhini na kukutana na hao waliotoka juu, kisha watoto wao wakaoana. Mtu wa imani yoyote anaweza kuyasoma masimulizi haya apendavyo, lakini mwanahistoria hana budi kuona kwamba kwa Mkamba wa karne ya 19 Mungu alikuwa amekwisha kuacha alama ya tendo lake mahali panapojulikana kwa jina, na mahali penyewe palikuwa Nzaui.

Mkristo wa kwanza wa Ulaya kuandika habari za Ukambani kwa kuiona nchi yenyewe alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, ambaye alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe huko mwaka huo huo, kisha akajenga kituo Rabai. Alianza kujifunza Kikamba papo hapo kwa Wakamba waliokuwa wamehamia nyuma ya pwani kwa sababu ya njaa na biashara, na mwezi wa Novemba 1849 akafunga safari hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika Mombasa. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, habari ambayo baadhi ya wanajiografia wa Ulaya waliikataa kwa miaka mingi. Kwa historia inayoelezwa hapa, hata hivyo, lililo kubwa zaidi ni kijitabu alichokichapisha Tübingen mwaka 1850 alipokuwa likizoni Ulaya, nacho ni Injili ya Marko katika Kikamba. Kitabu hicho kilitoka kabla Mkamba yeyote hajabatizwa Kitui, kabla hakujakuwa na shule hata moja ya kufundisha watu kukisoma, na sababu yake ilikuwa ya kitheolojia moja kwa moja: kwa Mprotestanti kama Krapf, Mungu hujijulisha hasa kwa Neno lililoandikwa, hivyo lugha isiyo na kitabu ilionekana kwake kuwa nchi ambayo ufunuo maalumu haujaingia.

Safari yake ya pili, mwaka 1851, ilikusudiwa kufungua kituo Yata, lakini iliharibika kabisa. Krapf alifuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana, msafara ukashambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, naye Krapf akakimbilia porini peke yake. Kiu ilipomzidi alishuka mtoni usiku, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo cha kubebea maji akayajaza katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akaendelea kutembea gizani akirudi upande wa makazi ya Wakamba. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupokewa vizuri, kwani walimwona ana hatia ya kuokoka huku mwenyeji wake akiwa amekufa, na ikambidi atoroke tena. Baada ya hapo mpango wa Ukambani uliachwa, na karibu miaka 40 ikapita bila kituo cha Kikristo katika Kitui wala Makueni.

Walioanza tena walikuwa Walutheri wa Bavaria, kutoka chama kidogo cha Hersbruck, ambao walianzia Jimba karibu na Rabai mwaka 1886, wakaingia Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na muda mfupi baadaye kazi yao ikachukuliwa na Misheni ya Leipzig. Kituo cha Mulango kilifunguliwa mwaka 1899. Johannes Hofmann wa Ikutha aliandika juu ya desturi za Wakamba za kuzaliwa, ndoa na kifo, na mwenzake Ernst Brutzer akatayarisha kitabu cha lugha ya Kikamba kilichochapishwa mwaka 1905. Hawa walikuwa watu wa subira. Mapokeo ya Leipzig yalishikilia kwamba kila taifa lisikie Injili katika lugha yake na kwa kadiri iwezekanavyo ndani ya utaratibu wake wa maisha, na kwa hiyo walitumia miaka mingi kusikiliza kabla ya kuwa na waumini wa kuhesabika.

Upande wa Makueni, ambao wakati huo na hadi mwaka 1992 ulikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, kazi ilianzishwa na Africa Inland Mission. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, alizaliwa Glasgow mwaka 1867, akakulia Philadelphia, na kabla ya kuja Afrika Mashariki alikuwa Kongo, ambako alimzika ndugu yake. Mwezi wa Desemba 1895 alijenga kituo cha kwanza cha misheni hiyo Nzaui, chini ya mlima ule ule ambao Wakamba walisimulia kuwa Mungu aliwateremshia wazazi wao wa kwanza. Vituo vingine vilifuata upesi, vikiwamo Sakai na Kilungu, lakini tarehe 4 Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa papo hapo Nzaui, akiwa na umri wa miaka 29, na katika miaka iliyofuata wengi wa wenzake walikufa au waliondoka. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1897 hadi 1899, ambayo Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, iliyoambatana na ndui na tauni ya ng'ombe na kuacha vijiji vizima bila watu.

Njaa hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu iligusa hoja yenyewe ya ufunuo. Katika sura ya 14 ya Matendo ya Mitume, Paulo anawaambia watu wa Listra, ambao hawakuwa Wayahudi wala hawakujua Maandiko, kwamba Mungu hakukosa kujishuhudia kwao, kwa kuwa aliwapa mvua kutoka mbinguni na majira ya mavuno. Hakuna fungu la Biblia linalokaribia zaidi ibada ya ithembo kuliko hilo, na hakuna nchi ambayo fungu hilo ni gumu kulihubiri kuliko Kitui na Makueni, ambako mvua za vuli zinazotegemewa zaidi huweza kukosekana mwaka baada ya mwaka. Iwapo mvua ni ushahidi wa Mungu, basi ukame nao ulidai kuelezwa. Wazee wa ithembo walikuwa na maelezo yao: mwiko umevunjwa, roho zimekasirika, sadaka itolewe. Mmisionari alikuwa na maelezo mengine, ambayo yaliuhamisha ushahidi mkuu wa Mungu kutoka mawinguni na kuuweka msalabani, mahali ambapo Mungu, kwa imani ya Kikristo, anajulikana hata katika mateso. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote ambayo Ukristo ulileta Ukambani katika kumjua Mungu, na inasikitisha kwamba historia nyingi za misheni hulipita ili kuhesabu vituo na shule.

Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Walutheri wa Kijerumani katika Kitui, na vituo vyao, pamoja na Mulango, vikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission, ambayo hivyo ikawa misheni kubwa ya Kiprotestanti pande zote mbili. Waumini wake waliitwa asomi, yaani wasomaji, kwa kuwa mtu alitambulikana kuwa Mkristo kwa kitabu alichokishika. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956. Katika Biblia hiyo Mungu anaitwa Ngai, jina lile lile lililotamkwa katika dua za wazee, na uamuzi huo, ambao huenda ulionekana kuwa wa kawaida tu kwa waliouchukua, ulikuwa ni kukiri kwamba Mungu wa Abrahamu na Baba wa Yesu Kristo si mgeni asiyejulikana Ukambani. Lakini wamisionari wale wale waliwakataza waumini wao kwenda kwenye ithembo, kumimina pombe kwa aimu, kucheza ngoma na kupitia jando la jadi. Walilichukua jina na kuikataa madhabahu. Kwa maneno ya kitheolojia, walikubali kwa kalamu kwamba ufunuo wa jumla uliwafikia Wakamba, na wakati huo huo walikana kwa nidhamu ya kanisa kwamba ufunuo huo ulizaa ibada yoyote yenye thamani. Ukinzani huu haukutatuliwa. Uliachiwa waumini waubebe nyumbani mwao, na wengi waliubeba kwa kwenda kanisani Jumapili na kwa mganga usiku.

Palikuwa pia na Wakamba ambao hawakungoja kuelezwa na mtu mwingine jinsi Mungu anavyosema. Mwaka 1922, katika wilaya ya Machakos ya wakati ule, Ndonye wa Kauti alitangaza kuwa Mungu amesema naye na kwamba zama mpya zinakuja ambazo Wazungu watakuwa wameondoka; watu wakamfuata, na serikali ya kikoloni, iliyoogopa zaidi tangazo la pili kuliko la kwanza, ikamkamata na kumhamisha. Mahubiri yake yalichanganya ile kazi ya kale ya waonaji wa Kikamba, ambayo kumbukumbu yake maarufu zaidi ni ya Syokimau, mwanamke anayesimuliwa kuwa aliiona reli kabla haijajengwa, na matumaini ya siku za mwisho yaliyohubiriwa na wamisionari wenyewe. Mwaka 1945 Simeon Mulandi na wenzake walianzisha African Brotherhood Church, kanisa la Wakamba wasiotawaliwa na misheni yoyote, ambalo halikubadili Biblia wala fundisho la wokovu, bali lilisisitiza kwamba Mwafrika anayelisoma Neno anaweza kulieleza na kuliongoza kanisa bila kusimamiwa.

Wakatoliki walitegemea msingi tofauti kidogo. Mtaguso wa kwanza wa Vatikani ulikuwa umetamka mwaka 1870 kwamba Mungu aweza kujulikana kwa hakika kwa nuru ya akili ya mwanadamu kutokana na vitu vilivyoumbwa, ingawa siri za wokovu zahitaji ufunuo. Kitui ilifanywa eneo la kikanisa la pekee mwaka 1956 na kuwa jimbo mwaka 1963, ikihudumiwa kwa sehemu kubwa na mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland, na askofu wake wa kwanza alikuwa William Dunne. Makueni ilibaki chini ya jimbo la Machakos hadi mwaka 2023, jimbo la mji wa Wote lilipoundwa. Kwa kuwa jimbo la Kitui lilizaliwa wakati ule ule Mtaguso wa pili wa Vatikani ulipokuwa ukiendelea, halikulazimika kupita katika ugomvi mrefu juu ya ngoma ambao kanisa la misheni ya Kiprotestanti lilipita.

John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango tarehe 30 Novemba 1931, akalelewa katika kanisa lililoanzishwa na Walutheri na kurithiwa na Africa Inland Mission, akasoma Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata shahada ya udaktari Cambridge. Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1971 kwa jina la New Testament Eschatology in an African Background, ilihusu eskatolojia, yaani mafundisho juu ya mambo ya mwisho, na ilichunguza jinsi mafundisho hayo yalivyopokewa na Wakamba wenzake. Alionyesha kwamba misheni ilikuwa imehubiri mbingu, moto na kurudi kwa Yesu kana kwamba ni habari za mahali na tarehe, ikawaelekeza waumini kutazama wakati ujao wa mbali ambao fikra zao za wakati hazikuwa na nafasi yake, na kwa kufanya hivyo ikawasahaulisha kwamba katika Agano Jipya mambo hayo yote yanamhusu Kristo aliye hai sasa. Ili kueleza fikra hizo za wakati alichagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akidai kwamba vitenzi vya Kikamba havifiki mbele zaidi ya miezi 6 au, ikizidi sana, miaka 2. Dai hili la mwisho limepingwa na wengi, na kwa haki, kwani jamii inayopanda miti, inayoweka mahari na kuusia wajukuu haiwezi kusemwa kuwa haina wakati ujao. Ila kosa hilo haliharibu uchunguzi wake wa yale yaliyohubiriwa Ukambani.

Akiwa mwalimu Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, Mbiti alichapisha African Religions and Philosophy mwaka 1969 na Concepts of God in Africa mwaka 1970, kitabu kilichokusanya majina, sifa na ibada za Mungu kutoka kwa jamii zaidi ya 270 za Afrika. Hoja iliyo chini ya kazi hiyo yote inaweza kuelezwa kwa ufupi: wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, kwa sababu walimkuta; walichokileta ni Injili, yaani habari za Yesu Kristo, ambazo hazikujulikana na ambazo Waafrika wasingezipokea kwa wingi namna ile kama wasingekuwa wamekwisha kumjua Mungu aliyemtuma. Dini ya jadi, kwa mtazamo huu, ilikuwa matayarisho ya Injili, neno lililotumiwa zamani na mababa wa Kanisa kuhusu falsafa ya Wayunani.

Upinzani ulitoka pande mbili zisizofanana. Byang Kato wa Nigeria, katibu mkuu wa chama cha Wakristo wa kiinjili wa Afrika na Madagaska, aliandika katika Theological Pitfalls in Africa, mwaka 1975, kwamba ufunuo wa jumla humwacha mtu bila udhuru lakini haumwokoi, na kwamba kumsogeza Mbiti mbele kidogo tu kungemfikisha mahali ambapo Kristo hahitajiki. Kato alikufa maji Mombasa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na mjadala wao ukakatika ungali mbichi. Kwa upande mwingine, mshairi na mwanaanthropolojia Okot p'Bitek wa Uganda alidai kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani ili ifanane na Mungu wa wamisionari. Mfano wake ulitoka kwa Waacholi, ambao mapadre waliwauliza ni nani aliyewafinyanga, na kwa kuwa swali hilo halikuwa na maana kwao wakajibu kwa kutaja roho inayofinya watu mgongo hadi wawe na kibiongo, na roho hiyo ikawa jina la Mungu katika vitabu vya dini.

Mfano wa Waacholi ni onyo la kweli, lakini haufai kuhamishiwa Kitui na Makueni bila kuangalia. Huko jina la Mungu halikupatikana kwa swali la mgeni aliyeketi na daftari. Lilikuwa katika dua za hadhara, katika simulizi la Nzaui na katika majina ya sifa ambayo hayakuwa na haja ya mmisionari ili yatungwe. Hoja ya Kato nayo ina uzito wake wa kitheolojia, ila inafanana mno na mabishano ya Ulaya, hasa yale ya mwaka 1934 kati ya Karl Barth na Emil Brunner, ambapo Barth alikataa katakata kwamba kuna njia ya kumjua Mungu nje ya Kristo, akiwa na sababu nzito, kwani Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na Wakristo waliodai kumwona Mungu katika damu na taifa lao. Wazee wa ithembo hawakuwa wakitukuza taifa; walikuwa wakiomba mvua. Ushahidi wa Ukambani, kwa jumla yake, unamwelekea Mbiti, kwa sharti moja ambalo yeye mwenyewe hakulitilia mkazo wa kutosha, nalo ni kwamba njia kutoka ithembo hadi kanisani haikuwa tambarare. Mungu wa ithembo aliombwa na kijiji kwa ajili ya kijiji, na Mungu wa asomi alimwita kila mtu kwa jina lake, akamtenga mara nyingine na baba yake. Aliyebatizwa katika miaka ya 1920 alikuwa amepoteza kitu pamoja na kupata.

Mbiti aliongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey, Uswisi, kisha akawa mchungaji Burgdorf na profesa katika Chuo Kikuu cha Bern, lakini kazi yake ya uzeeni ilirudi nyumbani: alilitafsiri Agano Jipya katika Kikamba moja kwa moja kutoka Kiyunani, nayo ikachapishwa mwaka 2014, miaka 164 baada ya Marko wa Krapf kutoka Tübingen. Alifariki Uswisi tarehe 6 Oktoba 2019.

Majina ya Krapf, Hofmann, Scott na Mbiti yako salama vitabuni, na chuo cha theolojia kilichofunguliwa Machakos mwaka 1962 kimepewa jina la Scott. Wasiojulikana ni Wakamba waliomfundisha Krapf lugha, waliokaa na Hofmann jioni wakisahihisha sentensi zake, na makatekista na wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka Mulango na Nzaui wakihubiri kwa mara ya kwanza katika vijiji ambavyo hakuna Mzungu aliyefika. Ni wao, kwa midomo yao, walioamua kila siku ni lipi la ithembo lingekubaliwa kusemwa juu ya Mungu wa Injili na ni lipi lisingekubaliwa, na hakuna anayeweza kuandika historia kamili ya ufunuo Ukambani bila wao. Vitabu vya ubatizo vya makanisa ya zamani ya Kitui na Makueni viandikwe upya na kuhifadhiwa kabla mchwa hawajavimaliza, wajukuu wa asomi wa kwanza waulizwe, na mathembo yaliyobaki na miti yake yaorodheshwe na wenyeji wenyewe, Wakristo wakiwamo, maana kazi hiyo haiwezi kungoja kizazi kingine.